Shairi la Mapenzi Linapoitwa Siasa

Shairi fupi la mapenzi linasambaa kutoka simu hadi simu. Watu wanalipenda, wanawatumia wapenzi wao, wengine wanalikariri. Kisha inajulikana kwamba aliyeliandika ni mwanamume na aliyeandikiwa ni mwanamume pia. Papo hapo shairi lilelile, ambalo halijabadilika hata nukta, linapewa majina mapya: kampeni, ajenda, uanaharakati, siasa. Waliolisifu jana wanajiuliza kama walidanganywa. Wanaolitetea nao hawasemi kwa sauti moja. Huyu anasema haya ni mapenzi tu, siasa imetoka wapi? Yule anasema hapana, hili ni tamko la ukombozi. Kila mmoja anaamini mwenzake amekosea.

Naamini wote wawili wako sahihi, na kinachowagombanisha ni mpangilio wa mambo: kipi kilitangulia. Tumezoea kufikiri kwamba mshairi alikuwa na mapenzi yake safi, kisha akayatia siasa kama mtu anavyotia chumvi kwenye chungu. Kwa washairi ninaowazungumzia, siasa ilitangulia. Ilikuwa imeshaingia chumbani na kuketi kitandani kabla mshairi hajashika kalamu.

Tuanze na maneno yenyewe, maana nusu ya ugomvi huzaliwa humo. Kwia ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Huko lilikotoka lilimaanisha kitu cha ajabu, kilichokaa upande, na kwa miaka mingi lilikuwa tusi la kuwarushia wanaume wanaowapenda wanaume, wanawake wanaowapenda wanawake, na watu ambao jinsia wanayoijua ndani yao hailingani na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mwaka 1990 jijini New York wanaharakati waliunda kundi lililojiita kwa jina hilohilo, Queer Nation. Tangu hapo tusi likaanza kubadilika. Ni kama kumnyang'anya mtu fimbo anayokupigia, ukaifanya mkongojo wako wa kutembelea. Kiswahili kinaijua tabia hii ya maneno. Shoga, kinywani mwa mwanamke anayemwita rafiki yake wa kike, ni neno la upendo. Likielekezwa kwa mwanamume kwa nia mbaya, ni jiwe. Herufi ni zilezile. Humu nitatumia kwia, kwa sababu linawabeba wote bila kumrushia mtu jiwe.

Siasa nayo, katika makala hii, haimaanishi vyama wala kura. Namaanisha lile swali la nani ana mamlaka juu ya maisha ya nani: nani aruhusiwe kupenda hadharani, kupanga chumba na ampendaye, kumuuguza hospitalini, kutajwa katika maziko yake. Ukilielewa neno hivyo, utaona kwa nini jambo la faragha kabisa linaweza kuwa la kisiasa bila mwenyewe kutaka. Fikiria mtu anayetembea barabarani saa mbili usiku. Ni mpita njia tu. Sasa itangazwe amri ya kutotoka nje baada ya saa moja. Kesho yake, mguu uleule, barabara ileile, saa ileile, ni uvunjaji wa amri. Mtu hajabadilisha mwendo wake. Amri ndiyo imeubadilisha. Zaidi ya nchi 60 duniani leo zina sheria zinazoyafanya mapenzi ya watu wa jinsia moja kuwa kosa la jinai. Katika nchi hizo, mtu akiandika "nilikungoja jana", tayari ametembea baada ya saa moja usiku.

Ili tusizungumze hewani, huu hapa ubeti mmoja nilioutunga mwenyewe kwa ajili ya makala hii. Ni shairi la kawaida, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho:

Nikafunga madirisha, jina lako nikataja,
Na taa nikaiwasha, nikakaa saa moja,
Hatua zikanitisha, nikadhani wamekuja,
Kumbe mvua yanyesha, nami bado nakungoja.

Usome kwanza kama unavyosoma shairi lolote la mapenzi. Mtu yuko chumbani, anamngoja mpenzi, anasikia vishindo, ni mvua. Kuna upweke na kuna matumaini. Hakuna anayeweza kuuita ubeti huo siasa.

Usome tena, safari hii ukijua kwamba wapenzi hao ni wanawake wawili, mahali ambapo jirani akipiga simu moja watapelekwa kituoni. Sasa madirisha yaliyofungwa hayafungwi kwa sababu ya baridi. Jina linatajwa baada ya kufungwa madirisha, halikutajwa kabla. Na litazame neno wamekuja. Aliyekuwa anangojewa ni mmoja. Kwa nini basi vishindo viliposikika, mngojaji hakudhani "umekuja"? Hao wengi ni akina nani? Silabi moja, wa badala ya u, imebeba polisi, majirani, kaka wa nyumbani, na kundi la watu wenye hasira. Sikuandika neno sheria wala neno haki. Mapenzi na woga wa dola vimekaa katika mstari mmoja kwa sababu ndivyo vinavyokaa katika maisha ya watu hao.

Hapo ndipo kujieleza na kupinga vinapokutana. Kujieleza ni kusema "hivi ndivyo nilivyohisi". Kupinga ni kukataa kunyamaza pale ulipoamriwa unyamaze. Aliyeamriwa asiseme alivyohisi, akisema tu, amefanya yote mawili kwa pumzi moja.

Msomaji makini ameshaona jambo jingine katika ubeti ule: hakuna mahali uliposema kama mpenzi ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakilazimishi. Yeye ni yeye, anapenda ni anapenda, mpenzi ni mpenzi. Kiajemi na Kituruki navyo viko hivyo. Lugha nyingine hazikupi nafasi hiyo. Kwa Kigiriki, Kiitaliano au Kiingereza, mara nyingi, mapema au baadaye, kiwakilishi au kiambishi kitasema jinsia ya mtu. Kwa karne nyingi vita vya mashairi haya vimepiganwa juu ya vijineno hivyo vidogo, na naomba tukae hapa kidogo.

Sappho aliishi katika kisiwa cha Lesbos karibu mwaka 600 kabla ya Kristo. Jina la kisiwa hicho ndilo lililozaa neno linalotumiwa katika lugha nyingi kwa wanawake wanaowapenda wanawake. Kati ya mashairi yake mengi, limetufikia moja tu likiwa kamili, ombi kwa mungu wa kike Aphrodite amsaidie katika mapenzi. Aphrodite anamwahidi kwamba huyo anayemkimbia leo atampenda, hata kama hataki. Katika Kigiriki chake, usemi huo wa "hata kama hataki" una neno lenye mwisho wa kike. Katika shairi zima hakuna alama nyingine inayotuambia kuwa anayependwa ni mwanamke. Wafasiri wa zamani walilitazama shairi hilo na kumfanya mpenzi kuwa mwanamume. Walihitaji kugeuza mwisho wa neno moja tu, na mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke yakafutika machoni pa wasomaji.

Michelangelo, yule mchongaji wa Italia, aliandika pia mashairi, na mengi ya mapenzi aliyaelekeza kwa kijana aliyeitwa Tommaso de' Cavalieri. Mwaka 1623 mjukuu wa ndugu yake aliyachapisha, lakini kwanza alipita katika mistari akigeuza viwakilishi vya kiume kuwa vya kike. Ilibidi kungoja hadi 1863, zaidi ya miaka 200, ndipo yakachapishwa kama alivyoyaacha. Shakespeare alipata mkono wa namna hiyohiyo: soneti zake, yaani mashairi yake ya mistari kumi na minne, zilitoka 1609, nyingi zikiwa zinamsemesha kijana wa kiume, na mchapishaji wa 1640 akabadilisha maneno mahali kadhaa ili kijana aonekane binti.

Kinachoniuma zaidi ni pale mkono huo unapokuwa wa mshairi mwenyewe. Walt Whitman wa Marekani ana shairi fupi linalosimulia jinsi alivyopita katika mji wenye watu wengi na asikumbuke chochote ila mwanamke mmoja aliyemng'ang'ania kwa mapenzi. Ndivyo lilivyochapishwa mwaka 1860. Karne iliyofuata, hati ya mkono ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba aliyemkumbuka alikuwa mwanamume. Whitman alikuwa mtu jasiri. Aliandika mengine kwa uwazi uliomgharimu. Mwaka 1865 alifukuzwa kazi ya ukarani serikalini na waziri aliyekichukia kitabu chake. Hata yeye, kwenye shairi hilo moja, aliona afadhali kumwazima mpenzi wake gauni.

Kwa hiyo anayesema "kwa nini mshairi ataje jinsia ya mpenzi wake, angeacha tu?" anaomba jambo ambalo limeshafanywa, na matokeo yake tunayajua. Katika lugha zinazotaja jinsia, mara nyingi kuacha ni kugeuza. Na hata ndani ya Kiswahili chetu chenye ukarimu, msomaji akiachiwa nafasi wazi huijaza kwa alichokizoea. Atamwona mwanamume na mwanamke hata pale ambapo hawakuandikwa.

Mshairi wa Kiswahili hahitaji kufundishwa fumbo. Tumelelewa nalo. Jahazi ni mtu, bahari ni mapenzi, tunda ni jambo ambalo wakubwa wanalijua. Fumbo humkinga msemaji, maana anaweza kusema "mimi nilizungumzia jahazi", na huwachagua wasikilizaji, maana wanaojua wanacheka na wasiojua wanapita. Washairi kwia wa zama na lugha nyingi wameishi humo. Constantine Cavafy, Mgiriki wa Alexandria aliyezaliwa 1863, alikuwa karani wa idara ya umwagiliaji kwa takriban miaka 30. Maishani mwake hakutoa kitabu cha kuuzwa madukani. Alichapisha karatasi mojamoja, akaziunganisha kwa mkono na kuwagawia aliowaamini. Katika mashairi yake ya mapenzi ya mwanzo, anayependwa hana jinsia. Kigiriki kinaruhusu kitenzi kusimama bila kiwakilishi, naye alijua kutembea katika nyufa hizo. Kadiri umri ulivyokwenda, vijana wa kiume wakaanza kuonekana wazi, katika mikahawa, katika vyumba vya kukodi, katika kumbukumbu.

Je, fumbo ni woga? Nimesikia vijana wakiwalaumu waliotangulia kwa kujificha, na nadhani lawama hiyo si ya haki. Aliyefumba alihifadhi kitu kilichotufikia. Lakini fumbo lina bei yake: wanaolifumbua wanaweza kuwa ni maadui. Mwaka 1895 jijini London, mwandishi Oscar Wilde alisimama mahakamani, na mwendesha mashtaka akamsomea shairi lenye maneno kuhusu mapenzi yasiyothubutu kutaja jina lake. Akaulizwa ni mapenzi gani hayo. Shairi halikuwa hata la Wilde. Lilikuwa la mpenzi wake, Alfred Douglas. Wilde alijibu kwa kumtaja Michelangelo na Shakespeare, akayaita mapenzi hayo mazuri na ya heshima, na baadhi ya waliokuwa ukumbini wakapiga makofi. Mwishowe alihukumiwa miaka 2 jela na kazi ngumu. Alipotoka alichapisha shairi refu kuhusu mfungwa aliyenyongwa katika gereza alimokuwa, na mwaka 1898 lilipotoka halikuwa na jina lake juu ya jalada. Liliandikwa C.3.3., namba ya seli yake.

Kisa hicho kinatupa nafasi ya kusahihisha kosa ambalo mwanafunzi yeyote wa ushairi hukatazwa mwaka wa kwanza: kumchanganya mshairi na nafsineni. Nafsineni ni yule anayesema ndani ya shairi. Anaweza kuwa mshairi mwenyewe, anaweza kuwa mtu wa kubuni, mzimu, mti, adui. Tunakubali bila taabu kwamba mwanamume anaweza kutunga kwa sauti ya mwanamke anayelia talaka, na hatumuulizi cheti cha ndoa. Shairi likiwa la mapenzi ya jinsia moja, ghafla sheria hiyo inasahaulika na kila mstari unasomwa kama maungamo yaliyotiwa sahihi. Kosa hilo hufanywa hata na wapenzi wa mashairi haya, wanapochimba maisha ya mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita ili wamwandikishe upande wao. Tuseme tunachokiona kwenye mistari. Mengine ni yake.

Shairi kupelekwa kortini si habari ya karne ya 19 peke yake. Mwaka 1976 gazeti moja la Uingereza, Gay News, lilichapisha shairi la James Kirkup lililowazia askari wa Kirumi akiwa na mapenzi kwa Yesu aliyesulubiwa. Mkristo kuumizwa na shairi hilo ni jambo ninalolielewa vizuri, na wala simlaumu msomaji aliyelikunja gazeti akaliweka kando. Lakini mwaka 1977 mhariri Denis Lemon alipatikana na hatia ya kukufuru na kupewa kifungo cha nje. Kifungo hicho kilifutwa katika rufaa, hatia ikabaki. Sheria iliyotumika ilifutwa mwaka 2008 tu. Marekani, mwaka 1957, jaji wa San Francisco aliamua kinyume: shairi refu la Allen Ginsberg, lililotaja mapenzi ya wanaume bila kuficha, lina thamani kwa jamii na liuzwe. Ukiweka kesi hizo mbili pamoja utaona kwamba dola haikuwa na shaka kama mashairi yana nguvu. Walioona shaka hiyo ni sisi.

Kwa nini ushairi, na si riwaya au hotuba? Jibu bora ninalolijua ni la Audre Lorde, aliyezaliwa New York mwaka 1934 kwa wazazi kutoka visiwa vya Karibi, na ambaye alipenda kujitambulisha kuwa Mweusi, msagaji, mama, mpiganaji, mshairi. Alisema mwaka 1980 kwamba kati ya sanaa zote, ushairi ndio wa gharama ndogo kuliko zote. Riwaya inataka chumba, karatasi nyingi na muda mrefu. Shairi unaweza kuliandika kati ya zamu mbili za kazi, ndani ya treni, kwenye kipande cha karatasi kilichobaki. Mtu maskini, mtu anayelea watoto, mtu asiye na mlango wa kujifungia, anaweza kulimaliza. Naongeza la kwangu: shairi linafichika. Linaingia katika soli ya kiatu. Likishakaririwa halina tena karatasi ya kuchomwa, na kwa sisi tuliolelewa katika vina na mizani, jambo hilo halihitaji maelezo, kwa kuwa vina ndivyo vilivyowawezesha waliotangulia kubeba tenzi ndefu kichwani.

Lorde alikuwa ameshasema jambo jingine, mwaka 1977, zito zaidi. Kwake ushairi si anasa, kwa sababu ndani yake tunayapa majina mambo ambayo hadi wakati huo hayana jina wala umbo, na yakishapata jina ndipo yanaweza kufikiriwa, na yakishafikiriwa ndipo yanaweza kutendwa. Jiulize kijana anayegundua kwamba anampenda mwenzake wa jinsia moja anapata wapi maneno. Nyumbani hakuna. Ibadani anapata neno la dhambi, kituoni neno la kosa, mitaani tusi. Kila neno alilopewa ni hukumu. Shairi huenda likawa mahali pa kwanza anapokuta hisia yake ikiwa na neno ambalo si hukumu. Hilo siwezi kulipima, lakini nadhani ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo mashairi haya yamefanya.

Wakati mwingine jina lililopotea ni la mtu. Ukimwi ulipowaua maelfu ya wanaume waliowapenda wanaume nchini Marekani, familia nyingi ziliandika matangazo ya vifo bila kutaja ugonjwa, na bila kumtaja mwenzi aliyemuuguza marehemu hadi dakika ya mwisho. Joseph Beam wa Philadelphia alikuwa anakusanya maandishi ya wanaume Weusi kama yeye. Akafariki mwaka 1988 kazi ikiwa nusu. Mshairi Essex Hemphill alihamia nyumbani kwa wazazi wa marehemu, akaimaliza kazi hiyo akisaidiana na mama, Dorothy Beam. Kitabu kikatoka 1991. Mama aliyefiwa na mshairi asiye mwanawe, nyumba moja, wakipanga kurasa: mtu akiniuliza kupinga kwa njia ya ushairi kunafananaje, huwa nawafikiria wale wawili. Hemphill mwenyewe alifariki mwaka 1995.

Kuna madai yanayojirudia, na mengine yanajibika kwa haraka. Kwamba haya ni mambo mapya: Sappho ana zaidi ya miaka 2,500. Kwamba ni ya Wazungu: hapa naomba tumkumbuke Abunuwasi. Msomaji wa Kiswahili anamjua tangu utotoni kama mjanja wa hekaya, anayewashinda wafalme kwa akili. Jina hilo lilitoka kwa mtu halisi, Abu Nuwas, mshairi mkubwa wa Kiarabu aliyeishi Baghdad karne ya 8 na mwanzo wa ya 9, maarufu kwa mashairi ya mvinyo na ya mapenzi kwa wanaume. Hekaya zilimbeba hadi kwetu. Mashairi yalibaki nyuma. Simtaji ili tumfanye kielelezo, kwani zama zake zilikuwa na mahusiano kati ya wakubwa na vijana wadogo ambayo leo hayatetewi, na tena mtu wa karne ya 9 hakujiita kwia. Namtaja kwa sababu anayesema jambo hili halina mizizi nje ya Ulaya anasema hivyo akiwa na jina la ushahidi mdomoni.

Waafrika wa leo nao wapo, kwa majina yao. Romeo Oriogun wa Nigeria aliandika kuhusu mapenzi ya wanaume katika nchi ambayo sheria iliyosainiwa Januari 2014 inatoa hadi miaka 14 jela kwa ndoa ya jinsia moja. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya kimataifa ya ushairi wa Kiafrika ya Brunel. Vitisho vikamfuata, akaenda kuishi Marekani. Mwaka 2022 akashinda tuzo kubwa ya fasihi ya Nigeria yenyewe, kwa diwani inayozungumzia kuhama na kukosa pa kukaa. Koleka Putuma wa Afrika Kusini alitoa diwani yake ya kwanza mwaka 2017. Anaandika kuhusu kanisa, familia na mapenzi ya wanawake, katika nchi ambayo katiba yake ya 1996 inamlinda na ndoa za jinsia moja zinatambuliwa tangu 2006. Wengine hushangaa: sheria imeshampa haki, analia nini? Sheria hubadilisha hakimu. Haibadilishi meza ya chakula ya nyumbani, ambapo jina la mpenzi wako haliulizwi mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa kumi. Mashairi yake mengi yanaketi kwenye meza ya namna hiyo.

Wapo wanaodhani washairi hawa wanajipigania wenyewe tu. Mwaka 1986, Chile ikiwa chini ya udikteta wa Pinochet, Pedro Lemebel alipanda mbele ya mkutano wa kisiasa wa mrengo wa kushoto jijini Santiago, amevaa viatu vya visigino virefu, nyundo na mundu, alama ya wakomunisti, vimechorwa usoni, akasoma tamko lake la kishairi. Hakuwa mbele ya askari wa dikteta. Alikuwa mbele ya wenzake katika mapambano, akiwauliza watu kama yeye watawekwa wapi katika hiyo nchi mpya wanayoiota. Hilo linahitaji moyo kuliko kumpinga adui. Naye Adrienne Rich wa Marekani alikataa nishani ya taifa ya sanaa mwaka 1997. Hakulalamikia haki za wasagaji. Alilalamikia pengo kati ya matajiri na maskini na ubaguzi wa rangi nchini mwake.

Na je, shairi linabadilisha sheria? Mara nyingi halibadilishi. Mawakili, wapiga kura na waandamanaji hufanya kazi hiyo. Sipendi tunapolipa shairi sifa zisizo zake, kama vile nisivyopenda shairi baya kusifiwa kwa sababu msimamo wake ni mzuri. Vina vilivyolazimishwa havinyooshwi na haki ya hoja. Wala si kila mshairi kwia anataka kuwa mpiganaji. Wengine wanataka kuandika kuhusu ndege na mvua, na wana haki ya kuachwa na ndege wao.

Cavafy aliwahi kuandika shairi fupi kuhusu mambo aliyoyaficha. Humo anawaomba watakaokuja wasijaribu kumjua kwa aliyoyatenda na kuyasema, kwa kuwa kizuizi kilisimama njiani kikayapotosha matendo yake na maneno yake. Wamtafute katika maandishi yake yaliyofichwa zaidi. Kisha anasema huenda haifai hata kujisumbua hivyo, maana baadaye, katika jamii iliyokamilika zaidi, atatokea mwingine aliyeumbwa kama yeye, naye ataishi huru. Ilikuwa mwaka 1908. Aliliweka shairi hilo kando, na kwa miaka 25 iliyombakia ya maisha hakulichapisha hata kwenye zile karatasi alizowagawia aliowaamini.